Kusoma bila kushika: historia ya njiwa, peremende na ba be bi bo bu

Wasee, kabla stori ianze, fanyeni mtihani kidogo. Soma hii aya:

Jana jioni mfulezi aligwesa mandwe yake kando ya kisheto. Mandwe yalipotipuka, wapembo wote walizenda.

Sasa jibu. Moja, ni nani aligwesa mandwe? Mbili, aliyagwesa wapi? Tatu, wapembo walifanya nini mandwe yalipotipuka?

Umepata tatu kwa tatu, si ndiyo? Mfulezi. Kando ya kisheto. Walizenda. Hongera sana. Shida ni moja tu: hayo maneno nimeyatunga mwenyewe sasa hivi. Hakuna mfulezi duniani, na mandwe hayajawahi kutipuka popote. Umepita Ufahamu bila kufahamu kitu.

Na kama umesomea Kenya, wala hushangai. Wengi wetu tulipita hivyo. Unachukua neno kwenye swali, unalitafuta kwenye kifungu, ukilipata unanakili hiyo sentensi mzima mzima. Tiki. Ticha anafurahi, mathe anafurahi, wewe unaenda kucheza bano.

Watu wengi wakiona hivi wanalaumu kukariri. Wanasema watoto wamefunzwa kama kasuku, kuimba ba be bi bo bu, kurudia baada ya mwalimu, na kwamba dawa ni kuacha hayo mambo ya kurudiarudia. Mimi sikubaliani. Nimesoma historia ya hii kitu na naona imeenda tofauti. Njia za kufundisha kwa hatua ndogo, kurudia, na kumwambia mtoto papo hapo kama amepata au amekosa, ni kati ya njia zilizowahi kufanya kazi vizuri zaidi kwa watoto maskini. Tatizo ni kile tulichoamua kukizawadia. Ukizawadia sauti, utapata sauti. Ukizawadia kunakili, utapata wanakili. Na ukizawadia maana, utapata maana, lakini hiyo ya mwisho inahitaji kazi ambayo tumekuwa tukiiruka kwa miaka mingi.

Twende pole pole.

Paka, kasha, na watoto walioambiwa kuhusu Franklin

Mwaka wa 1898, Mmarekani kijana anayeitwa Edward Thorndike alikuwa anafungia paka ndani ya makasha. Nje ya kasha kuna chakula. Ndani kuna kamba au kikanyagio cha kufungua mlango. Paka anakwaruza, anaruka, anasukuma kila kitu, mpaka kwa bahati anagusa penyewe na mlango unafunguka. Akirudishwa tena, anachukua muda kidogo kuliko mara ya kwanza. Na tena, na tena. Thorndike akatoa kanuni: tendo likifuatwa na matokeo mazuri, hurudiwa. Likifuatwa na kitu kibaya, hupungua. Huo ndio msingi wa saikolojia ya tabia, na ndio sababu simu yako inakupigia kengele kila mtu akikupendea picha.

Lakini huyu huyu jamaa wa paka, mwaka wa 1917, alichapisha utafiti kuhusu makosa ya watoto wanaposoma aya. Aliwapa wanafunzi aya fupi kuhusu sheria ya kuhudhuria shule katika mji unaoitwa Franklin: nani lazima aende, na sababu gani zinaweza kumruhusu mtoto kukaa nyumbani. Kisha akawauliza maswali rahisi. Aya inahusu nini kwa jumla? Baadhi wakaandika tu kwamba inahusu Franklin. Wengine wakashika neno "aya" lenyewe, wakaanza kueleza kwamba unaacha nafasi kidogo unapoanza kuandika.

Hawa walikuwa watoto waliojua kusoma. Macho yalipita kwenye maneno yote. Ila neno moja lilikuwa linapiga kelele kubwa kuliko mengine, na wao wakalifuata. Thorndike akasema kuelewa aya kunafanana na kutatua hesabu: lazima uchague vipande vinavyohusika, ukipe kila kimoja uzito wake, na uviunganishe sawasawa. Kukosea kokote hapo, jibu linapotea.

Hebu ishike hiyo. Mmoja wa waliojenga msingi wa saikolojia ya tabia, miaka zaidi ya mia moja iliyopita, alishasema kwamba kusoma ni kufikiri. Kwa hivyo msee akikuambia kwamba hiyo saikolojia haijawahi kujali kuelewa, mwambie akasome tena.

Peremende na baba wa Deborah

Miaka ya 1920, mwalimu wa chuo kikuu cha Ohio State anayeitwa Sidney Pressey alitengeneza mashine ya maswali ya kuchagua. Unabonyeza kitufe cha jibu. Ukikosa, swali linakaa palepale mpaka upate. Kulikuwa hata na kifaa cha kuongezea, ukifikisha alama fulani mashine inakutemea peremende. Mashine haikushika soko, lakini wazo halikufa.

Likarudi mwaka wa 1953. B. F. Skinner, profesa wa Harvard aliyekuwa maarufu kwa kufundisha njiwa, alienda shuleni kwa binti yake Deborah siku ya wazazi kutembelea darasa. Ilikuwa kipindi cha hesabu. Skinner akakaa nyuma na kuona mambo mawili yaliyomkera. Kwanza, watoto walifanya hesabu bila kujua kama wamepata au wamekosa. Madaftari yangesahihishwa baadaye, na kufikia hapo mtoto ashasahau hata alifikiria nini. Pili, wote walilazimishwa kwenda mwendo mmoja. Waliomaliza walikaa bure, na waliokwama walizidi kukwama.

Hata njiwa hufundishwa vizuri kuliko hivyo. Muda mfupi baadaye alikuwa ashaunda mashine yake ya kwanza ya kufundishia. Mtoto anaona swali moja, anatoa jibu, anajua papo hapo kama ni sawa, anasonga. Maswali yalipangwa kwa hatua ndogo sana ili mtoto apate mara nyingi kuliko kukosa. Zawadi haikuwa tena peremende. Zawadi ilikuwa kule kupata kwenyewe.

Kuna kitu kingine kuhusu Skinner ambacho hatuambiwi. Alikuwa anachukia adhabu. Alisema shule nyingi zinaendeshwa kwa woga: mtoto anafanya kazi ili asichapwe, asiaibishwe, asifeli. Na mtoto wa namna hiyo anajifunza jambo moja vizuri, ambalo ni kukwepa.

Huku kwetu, mwaka uleule

Wakati Skinner anachora mashine yake, Kenya ilikuwa kwenye hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mtoto wa shule. Katika kitabu chake Decolonising the Mind cha 1986 anasimulia kwamba baada ya serikali ya kikoloni kuchukua zile shule zilizokuwa zikiendeshwa na Waafrika wenyewe, Kiingereza kilikuwa mfalme. Ukipatikana ukiongea Kikuyu karibu na shule, unachapwa viboko au unavalishwa bamba la chuma shingoni lenye maneno ya kukudhalilisha. Na wakosaji walipatikanaje? Mtoto mmoja anapewa kifungo asubuhi. Akimsikia mwenzake akiongea lugha ya nyumbani, anampa. Huyo naye anamtafuta mwingine. Jioni, mwenye kifungo anaimba majina yote.

Wengi wenu mnaijua hii. Wazazi wenu waliiita diski, kwingine monto, na kuna shule ambazo ziliendelea nayo miaka mingi baada ya uhuru.

Sasa iangalie kwa macho ya Thorndike. Tendo ni kuongea lugha unayoielewa. Matokeo ni kiboko. Tendo likifuatwa na kitu kibaya, hupungua. Hii ilikuwa saikolojia ya tabia ikitumika kwa ustadi, ila imeelekezwa kwenye kuua kile kitu ambacho mtoto anahitaji zaidi ili aelewe anachosoma. Kwa sababu maana haitoki kwenye herufi. Mtoto anageuza herufi kuwa sauti, halafu sauti inakutana na lugha ambayo tayari iko kichwani. Kama ile lugha imenyamazishwa, sauti inafika ikute nyumba haina mtu.

Kiboko chenyewe kilipigwa marufuku shuleni Kenya mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia katazo hilo. Kama kimeisha kweli, hilo jibuni wenyewe.

Jamaa wa matangazo aliyefundisha watoto maskini

Turudi Marekani, miaka ya 1960. Rais Lyndon Johnson ametangaza vita dhidi ya umaskini mwaka wa 1964. Watoto wa mitaa maskini, wengi wao weusi, wanaingia darasa la kwanza wakiwa nyuma, na kila mwaka pengo linapanuka. Wataalamu wengi wanasema hao watoto wana kasoro fulani, au familia zao zina kasoro.

Siegfried Engelmann hakukubali. Alisomea falsafa, akafanya kazi kwenye biashara ya matangazo, na huko akaanza kujiuliza mtoto anahitaji kusikia kitu kwa namna gani ndipo kikae kichwani. Akajaribu kwa wanawe mapacha, kisha kwenye shule ndogo ya chekechea katika Chuo Kikuu cha Illinois pamoja na Carl Bereiter. Baadaye akajiunga na Wesley Becker, mwanasaikolojia wa tabia hasa, na mwaka wa 1970 wakahamia Oregon.

Imani yao ilikuwa nzito: mtoto akikosa kujifunza, chunguza kwanza somo lilivyopangwa kabla hujamchunguza mtoto. Kila mfano unaotoa unaweza kueleweka vibaya, na mtoto mwenye akili timamu atauelewa vibaya kama umemruhusu.

Mfano wangu mwenyewe kwa njia yao. Unataka kumfunza mtoto neno "kusita". Ukimpa maana ya kamusi, ataikariri. Ukimpa mfano mmoja, kwamba Kamau amesimama kando ya barabara hajui avuke au abaki, mtoto anaweza kudhani kusita ni kusimama. Au ni kuogopa magari. Kwa hivyo unampa mfululizo. Kamau amesimama, anaangalia, anatoa mguu, anaurudisha: anasita. Kamau amesimama kwa sababu amechoka: hasiti. Kamau anavuka moja kwa moja: hasiti. Mwalimu ameuliza swali, Wanjiru ameinua mkono, akaushusha, akauinua tena: anasita. Sasa Otieno ameketi anasubiri zamu yake. Anasita? Mtoto akisema hapana, na aweze kukuambia kwa nini, hapo neno limeshika.

Madarasa yao yalikuwa hivyo. Vikundi vidogo, mwalimu ana maelezo yaliyoandikwa mpaka sentensi ya kusema, anatoa ishara, watoto wote wanajibu pamoja, maswali yanakuja kama mvua. Kosa likitokea, hakuna kofi wala kejeli. Mwalimu anaonyesha jibu, wanalifanya pamoja, kisha mtoto analifanya peke yake. Masomo ya kusoma yalichapishwa mwaka wa 1969 kwa jina DISTAR. Sauti za herufi kwanza, kuziunganisha, kisha maneno, kisha hadithi, na maswali ndani ya hadithi yenyewe, bila kusubiri mpaka mwisho.

Pambano kubwa

Mwaka wa 1968 serikali ya Marekani ilianzisha mradi unaoitwa Follow Through. Mwanzoni ulikusudiwa kuwa huduma kubwa kwa watoto maskini kuanzia chekechea hadi darasa la tatu, lakini pesa zikakatwa, kwa hivyo wakaugeuza kuwa jaribio. Njia mbalimbali za kufundisha, kila moja na wataalamu wake, zikapewa jamii maskini. Wazazi walishiriki kuchagua wanataka njia gani.

Kulikuwa na kila aina. Kulikuwa na madarasa wazi ambapo mtoto anachagua anachotaka. Kulikuwa na njia za kujenga kujiamini kwanza. Kulikuwa na za kumfundisha mzazi afundishe nyumbani. Chuo Kikuu cha Kansas kilikuja na njia ya tabia ambapo mtoto akifanya vizuri anapata kijitiketi, na tiketi anabadilisha na muda wa kucheza au shughuli anayoipenda. Na Oregon wakaja na Engelmann na Becker.

Ripoti kuu ilitoka mwaka wa 1977. Kwa jumla, njia ya Engelmann na Becker ilitoka juu kwenye stadi za msingi, na pia kwenye maswali ya kufikiri. Halafu ikaja ile iliyoshangaza watu: hata kwenye kujithamini, watoto wake walifanya vizuri kuliko wale wa njia zilizoanzishwa mahsusi kujenga kujithamini. Ukifikiria, si ajabu. Mtoto anayejua kusoma ana sababu ya kujithamini.

Wapinzani hawakunyamaza. Mwaka uliofuata, kundi la wasomi lilichapisha uhakiki mkali. Walisema vipimo vilikuwa finyu na vilipendelea njia zinazofundisha stadi za msingi. Wakasema pia kwamba tofauti kati ya shule na shule ndani ya njia moja zilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya njia na njia. Hoja hiyo ya pili ni ya kweli na inafaa kuheshimiwa: njia nzuri ikifika mahali ambapo ticha hajafunzwa na vitabu havijafika, haifanyi miujiza. Wengine walichukia tu wazo lenyewe, kwamba mwalimu anapewa sentensi za kusoma na watoto wanajibu kwa ishara kama njiwa wa Skinner. Vyuo vya ualimu vingi viliendelea na shughuli zao kana kwamba hakuna kilichotokea.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi ilitoka kwa mshindi mwenyewe. Mwaka uleule wa 1977, Becker aliandika makala kuhusu walichojifunza. Angeweza kupiga kifua. Badala yake alionyesha kwamba watoto wao walikuwa wazuri sana kwenye kutamka maneno, lakini kwenye kuelewa walikuwa nyuma ya hapo. Akatafuta sababu, akaipata kwenye msamiati. Kutamka kuna mwisho: ukishajua sauti na kuziunganisha, unaweza kutamka karibu neno lolote. Maneno na maana zake hayana mwisho hivyo. Lazima yafundishwe mengi sana, moja baada ya jingine, miaka kwa miaka, na mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna vitabu hana mahali pengine pa kuyapata ila shuleni.

Miaka tisa baadaye, 1986, Philip Gough na William Tunmer waliliweka wazo kama hilo kwa hesabu: kuelewa unachosoma ni kutamka mara kuelewa lugha. Tazama wamesema mara. Hawakusema jumlisha. Sifuri mara kumi ni sifuri. Mtoto anayejua lugha vizuri lakini hawezi kutamka, sifuri. Mtoto anayetamka kama mtangazaji wa redio lakini haijui lugha, sifuri vilevile. Na mwaka wa 1988 Donna Recht na Lauren Leslie wakawapa wanafunzi kifungu kuhusu mchezo wa besiboli. Waliokuwa wasomaji dhaifu lakini wanaujua mchezo walielewa kuliko wasomaji hodari wasioujua. Hii hata wewe unaijua. Yule dogo ambaye ticha anasema hawezi kusoma, mpe ripoti ya mechi ya Gor na AFC Leopards uone.

Mtego wa Kiswahili

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo hii stori inatuhusu.

Kiswahili ni lugha rahisi sana kutamka ikiwa imeandikwa. Herufi na sauti zinaenda pamoja karibu kila mara. Mtoto akishamaliza ba be bi bo bu na wenzake, unaweza kumwekea mbele "Mwenyekiti wa halmashauri ameahirisha mkutano" na akaisoma bila kujikwaa. Muulize mkutano upo au haupo. Kimya. Hajui kuahirisha ni nini. Lakini wewe uliyekuwa unasikiliza umesharidhika, kwa sababu sauti ilikuwa safi.

Kiingereza kinamfichua mtoto haraka kwa sababu maneno yake hayatamkwi yanavyoandikwa. Kiswahili kinamficha. Mtoto wa Kenya anaweza kukaa miaka akidhaniwa ni msomaji.

Mwaka wa 2003 elimu ya msingi ikawa bure, na wanafunzi wa shule za msingi wakaruka kutoka karibu milioni 5.9 hadi karibu milioni 7.2. Madarasa yakajaa, na kila mtu akahesabu waliosajiliwa. Mwaka wa 2009 shirika la Uwezo, likifuata mfano wa India, likaamua kuhesabu kitu kingine. Watu wa kujitolea walienda nyumba kwa nyumba na hadithi ya kiwango cha darasa la pili, wakawapa watoto wasome. Kwa miaka kadhaa jibu lilikuwa lilelile: karibu watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kazi ya darasa la pili. Tulikuwa tumewaweka ndani ya darasa, tukasahau kuangalia kama wanajifunza.

Kutoka hapo Wizara ya Elimu, pamoja na shirika la RTI na ufadhili wa Marekani, ikajaribu mradi wa PRIMR kati ya 2011 na 2014, kisha mwaka wa 2015 Tusome ikaingia shule za umma nchi nzima. Kila mtoto kitabu chake. Mwalimu ana mwongozo wenye somo la kila siku. Anaonyesha, wanafanya pamoja, watoto wanafanya wenyewe. Maafisa wanatembelea madarasa wakiwa na tableti, wanasikiliza watoto wakisoma, wanamwambia mwalimu papo hapo nini kimeenda vizuri. Sisemi Tusome ilinakili Oregon. Nasema ukiweka masomo hayo mawili kando kwa kando, utaona ni ndugu. Na matokeo yalipanda kwa kiasi kikubwa. Kwa nchi nzima, hilo si jambo dogo.

Lakini wengi bado hawakufika kiwango, na kipimo ambacho kila mtu alikikumbuka ni kasi: mtoto anasoma maneno mangapi kwa dakika. Kiswahili, lengo lilikuwa 45. Maswali ya kuelewa yalikuwepo, ndiyo, baada ya dakika kuisha. Lakini kumbuka Thorndike. Mwalimu naye ni binadamu. Akijua afisa atakuja na saa, atafundisha saa. Na mbele ya mtoto kulikuwa na KCPE, kuanzia 1985 mpaka 2023, ambapo jibu lilikuwa moja kati ya manne na ile mbinu ya kuwinda neno ililipa vizuri mno. Hatukuwa wavivu. Tulijifunza barabara kile tulichozawadiwa.

Tufanye nini basi

Kuna kundi linataka tuache kurudia na kujibu kwa pamoja, eti mtoto agundue mwenyewe. Follow Through ilishawajibu: mtoto wa maskini ndiye anayelipa hiyo gharama, kwa sababu mtoto wa tajiri atagundua nyumbani, kwa mwalimu wa kulipwa. Kundi lingine linadhani kasi ikipanda kazi imeisha. Becker alishawajibu hao.

Kazi iliyobaki ni kuchukua mbinu zilezile na kuzielekeza kwenye maana. Inawezekana, na haihitaji mashine. Chukua aya hii:

Achieng alitoka nyumbani na mwavuli. Alipofika shuleni, viatu vyake vilikuwa vimejaa matope.

Swali: mvua ilinyesha? Neno "mvua" halimo. Huwezi kuliwinda. Mara ya kwanza unamwonyesha dogo unavyofikiria, kwa sauti: naona mwavuli, lakini mwavuli peke yake hautoshi, watu hubeba hata kwa jua. Naona matope pia. Vyote viwili pamoja vinanielekeza kwenye mvua. Kisha badilisha kitu kimoja tu: viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi. Sasa? Mfanye hiyo pamoja. Kisha mpe aya ya tatu afanye peke yake. Akikosa, usimcheke na usimpe jibu haraka. Mrudishe kwenye sentensi, muulize ni neno gani limemfanya aseme hivyo. Akipata, mwambie hapo hapo amepata kwa nini. Dakika kumi. Kesho tena, na maneno mawili au matatu mapya kama lile la kusita.

Na akieleza kwa Kidholuo, Kikamba au Sheng, hiyo ni sawa kabisa. Unataka kujua kama ameshika. Lugha ya kujibu ni somo lingine.

Naandika haya sasa kwa sababu mwaka wa 2025 Marekani ilivunja USAID, lile shirika lililokuwa likilipia sehemu kubwa ya kazi hizi. Hakuna tena afisa wa mfadhili wa kuulizia data. Kama njia iliyofanya kazi itaendelea, na kama hatimaye itafika kwenye kuelewa, itategemea walimu wetu, wizara yetu na pesa zetu. Pia itategemea wewe, kwa sababu una dogo nyumbani, au binamu, au jirani wa Gredi ya tatu anayesoma kwa sauti safi na kila mtu anampigia makofi.

Leo jioni mpe aya mbili. Msikilize asome. Halafu muulize swali ambalo jibu lake halijaandikwa.